Mwanachuo kaandika kurasa nne za elimu mjumuisho, darasani hamuoni mtoto asiyeona ubao. Tatizo liko wapi?

#1 Chaki Nyeupe
Assalaam alaykum wana jukwaa.

Nasomesha mwaka wa 19 huu, hapahapa Pemba kaskazini, mara nyingi darasa la tatu na la nne. Kila mwaka tunaletewa wanachuo wa mazoezi ya kufundisha, nami hukabidhiwa mmoja au wawili niwalee. Safari hii nimepewa kijana mwema, anawahi, anapenda watoto. Andalio lake la somo ukiliona utafurahi: limepigwa mistari kwa rula, na pana kisehemu mahsusi cha wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Hapo kila siku anaandika sentensi ileile: "watasaidiwa kulingana na mahitaji yao."

Siku ya tatu nilikaa nyuma ya darasa lake. Somo Hisabati. Maswali kayaandika kwa chaki nyeupe, majibu kwa nyekundu ili yapendeze. Asubuhi jua linaingia kwa dirisha la mashariki, nusu ya ubao inang'aa kama bati. Kuna mtoto wa kike deski la nne, hakunyanyua uso hata mara moja kuangalia ubao, na alikuwa anaandika haraka kuliko wenzake wote. Nikanyata mpaka nyuma yake. Kumbe ananakili daftari la jirani. Jirani kageuza 12 kaandika 21, naye 21. Jirani kafuta kwa kidole na mate, naye kafuta kwa kidole na mate. Kijana akapita, akawatia makosa wote wawili, akaenda zake deski la tano.

Baada ya kipindi nikamuuliza: nani humu haoni vizuri? Akasema hakuna, kwa sababu siku ya mwanzo aliuliza mwenye tatizo la macho anyanyue mkono, na hakunyanyua mtu.

Mtihani wake wa chuo alinionesha mwenyewe. Elimu mjumuisho, ile ya watoto wote kusoma pamoja, kapata alama za juu, kaandika kurasa nne. Sasa naomba tujadiliane kwa dhati: tunawatayarishaje walimu hawa mpaka mtu ayajue yote ya kwenye karatasi na asimuone mtoto aliye mbele yake?

#2 Mkwezi wa Chwale
Wa alaykum salaam Maalim. Darasa lina watoto wangapi?

#3 Chaki Nyeupe
Kwenye rejista 87. Wanaokuja ni sabini na kitu. Na mie ni mwanamke, Mkwezi.

#4 Mkwezi wa Chwale
Kunradhi Bi Mwalimu. Basi jibu umelitoa mwenyewe. Watoto 87, kipindi dakika arubaini, nusu dakika kwa kila mtoto haifiki. Umlete mwalimu kutoka Ufini, atafanya yaleyale. Jengeni madarasa kwanza, mengine baadaye.

#5 Bado Mpya
Mimi nimemaliza chuo mwaka juzi na nimeumia kidogo kusoma #1, maana kijana huyo ni mimi. Nitasema ukweli. Kwenye mazoezi mkufunzi alikuja kunikagua mara mbili tu. Mara zote mbili alianza kwa andalio la somo, akaenda kwenye azimio la kazi, halafu zana. Nilinunua manila kwa pesa ya nauli nikachora mfumo wa mmeng'enyo wa chakula kwa rangi tano. Nikapata alama nzuri. Hakuniuliza hata siku moja jina la mtoto mmoja. Mtu husoma kile anachopimwa. Mngetupima kwa watoto, tungewajua watoto.

#6 Mkufunzi wa Zamani
Wanangu, nimefundisha ualimu kwa miaka mingi na sasa nimestaafu, kwa hiyo lawama hizi ni zangu pia. Ila tusiseme hakuna kilichofanyika. Elimu bila malipo ilitangazwa Septemba 1964, na tangu siku hiyo mlango uko wazi kwa kila mtoto wa Unguja na Pemba. Baadaye likaja Tamko la Salamanca la 1990, dunia ikakubaliana kuwa mtoto mwenye ulemavu asome pamoja na wenzake. Hapa kwetu skuli za mwanzo za majaribio ya elimu mjumuisho zilianza katikati ya miaka ya 2000. Sera ya Elimu ya 2006 ikalitia jambo hilo kwenye maandishi.

Chuoni tulitumia somo dogo, lile lililobuniwa Stanford, Marekani, 1963. Mwanachuo anafundisha dakika kumi mbele ya wenzake, anakosolewa, anarudia. Ni njia nzuri, inamtoa mtu woga.

#7 Kibunzi
Shikamoo Mkufunzi. Sahihisho dogo: Salamanca ni 1994. Ya 1990 ni Jomtien, Thailand, Elimu kwa Wote.

#8 Mkufunzi wa Zamani
Marahaba. Kweli kabisa, 1994. Ahsante.

#9 Bado Mpya
Mkufunzi, kwa heshima zote, hilo somo dogo ndilo lililotuponza. Tulifundishana sisi kwa sisi, watu wazima waliofaulu kidato cha nne, kila mmoja anaona, anasikia, anajua Kiingereza kidogo. Mwenzangu aliigiza kuwa mtoto msumbufu, tukacheka, kipindi kikaisha. Huwezi kujifunza kuogelea kwenye karo.

#10 Mama wa Watatu
Mimi si mwalimu, ni mzazi, nipo Unguja. Mwanangu wa kati ana usonji. Mwalimu wake wa darasa la kwanza, binti mdogo kabisa ndiyo kwanza ameajiriwa, aliniita skuli. Nilikwenda nimejiandaa kuambiwa nimtoe. Akanambia, "Mama, nifundishe. Nyumbani akianza kupiga kelele mnafanyaje?" Nikamwambia kelele humzidi kengele ikipigwa karibu yake, na kwamba akishika kitu kizito hutulia. Kesho yake akampa kazi ya kubeba daftari za darasa zima kwenda ofisini dakika mbili kabla ya kengele. Mpaka leo mtoto anapenda skuli.

Binti yule hakuwa na cheti chochote cha elimu maalumu. Alikuwa na ulimi wa kuuliza. Wazazi tualikeni huko vyuoni japo siku moja kwa muhula, tuna mengi.

#11 Mkwezi wa Chwale
Mama wa Watatu, Mungu akuwekee mwanao. Darasa hilo lilikuwa na watoto wangapi?

#12 Mama wa Watatu
Hamsini na tisa.

#13 Kibunzi
Mkwezi una kikokotoo mfukoni wewe 😄

Turudi kwa mkono ambao haukunyanyuka, maana hapo ndipo panaponiuma. Mtoto wa miaka tisa hajui kuwa haoni. Anadhani ubao kila mtu anauona vile anavyouona yeye. Wataalamu wa takwimu waliligundua hili hata kwa watu wazima: ukiuliza "una ulemavu?" wengi watakataa. Ndiyo likaundwa kundi la Washington mwaka 2001 chini ya Umoja wa Mataifa, likatoa maswali sita: kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia, kuwasiliana. Neno ulemavu halitajwi. Unauliza: unapata tabu kuona hata ukivaa miwani? Hapana, kidogo, sana, siwezi kabisa. Mwanachuo akijua kuuliza hivi tu, ameshapiga hatua.

#14 Daktari Mitishamba
Maswali yale sita yalitungwa kwa ajili ya sensa, na kwa watoto yanawaacha wengi nje, hasa wenye matatizo ya tabia na ya kujifunza. Kwa watoto ipo seti ndefu zaidi, ilitoka 2016 kwa ushirikiano na UNICEF, na anayeulizwa ni mama au mlezi. Kwa macho darasani kuna njia nyepesi: karatasi ya herufi E zilizogeuzwa huku na huku. Mtoto anasimama mita 6, anafunika jicho moja, anaonesha kwa vidole E imeelekea wapi. Hahitaji kujua kusoma.

#15 Mtu wa Kojani
Mnazungumzia ulemavu tu. Tofauti za watoto ni pana zaidi ya hapo. Kwetu Kojani wanaume huenda dago, kambi za uvuvi za mbali, na baadhi ya familia huondoka na watoto. Mtoto anakaa huko miezi, anarudi mrefu, mweusi kwa jua, anajua kusoma upepo na kutia chambo, ila wenzake wameshafika kugawanya kwa njia ndefu. Mwalimu mgeni anamwita mtoro. Mimi niliitwa mtoro mbele ya darasa. Na msimu wa karafuu huko mashambani hali ni hiyohiyo, mtoto yuko kwenye jamvi anachambua makonyo na skuli ina safu nzima tupu.

Chuo gani kinamfundisha mwanachuo ampokeeje mtoto aliyerudi dago?

#16 Tanga Raha
Habari zenu. Mimi ni wa bara, nafundisha Unguja. Nyinyi mnasema elimu mjumuisho, kwetu tunasema elimu jumuishi. Ni kitu kimoja?

#17 Kibunzi
Kimoja. Na hapa ni skuli, si shule. Utazoea.

#18 Tanga Raha
Nimeshazoea hata urojo.

Niongeze sababu nyingine ambayo hamjaitaja: lugha. Wanafunzi wangu darasa la nne wanachangamka, wanabishana. Darasa la tano Hisabati na Sayansi zinageuka Kiingereza, darasa zima linanyamaza kama limemwagiwa maji. Mwanachuo anaambiwa atambue wenye mahitaji maalumu, wakati siku ile wote themanini wana mahitaji maalumu, na yeye mwenyewe Kiingereza kinamkaba. Naamini hapo ndipo penye shina.

#19 Mkufunzi wa Zamani
Utaratibu huo ulielekezwa na ile Sera ya 2006 niliyoitaja. Hoja yako ni nzito. Lakini binti wa #1 alikuwa anasoma kwa Kiswahili na bado hakuonekana.

#20 Mtu wa Kojani
Hata Kiswahili chenyewe kina wenyewe. Mwanangu alisema "mvua yanya", yaani inanyesha, mbele ya mwanachuo kutoka mjini. Mwanachuo akacheka, darasa likacheka. Mtoto hakufungua kinywa muhula mzima. Kipemba, Kitumbatu na Kimakunduchi mpaka BAKIZA, Baraza la Kiswahili Zanzibar, wamevitungia kamusi, vipi mwalimu anavicheka?

#21 Mtoto wa Makunduchi
Pole sana. Na mimi nilichekwa Kikae changu, yaani Kimakunduchi, skuli ya mjini. Sijasahau mpaka leo na nina wajukuu.

#22 Mikono Yangu
Mimi ni kiziwi. Naandika kwa kuwa uzi huu unanihusu.

Mnasema mtoto asome pamoja na wenzake. Mimi nilikaa pamoja na wenzangu miaka minne. Mwalimu alikuwa mpole, aliniweka mbele, alipaza sauti. Sauti ya juu kwangu ni mdomo mkubwa tu. Nilijifunza Lugha ya Alama nilipokutana na viziwi wenzangu, na hapo ndipo nilipojua kuwa kila kitu kina jina. Kumweka kiziwi mmoja kati ya watoto 80 wasiojua alama mnaita mjumuisho. Mimi naita upweke.

Kama mnataka kutayarisha walimu, tuajirini viziwi tukafundishe vyuoni, somo la mwaka mzima, si siku mbili za kujifunza herufi kwa vidole.

#23 Mama wa Watatu
Nimesoma #22 mara tatu. Lakini ndugu yangu, kwa mzazi wa Micheweni au Mkoani, darasa la viziwi likiwa mbali maana yake ni mtoto kuhama nyumbani ana miaka saba. Nani atamlaza?

#24 Mikono Yangu
Swali lako ni la haki. Mimi sina jibu la usiku. Najua la mchana tu.

#25 Ustadhi wa Bumbwini
Naomba niseme jambo ambalo wasomi wetu hulipita. Nasomesha chuo cha Kurani. Nina watoto 64, mdogo ana miaka minne, mkubwa kumi na tano. Hakuna wawili walio pahala pamoja. Huyu yuko kwenye alifu, huyu Juzuu Amma, yule anakaribia kukhitimu. Kila mmoja anakuja kwa zamu yake, ananisomea, namsahihisha, anarudi kukaa. Anayeweza anamsomesha asiyeweza. Aliyekosekana mwezi mzima, kama yule wa dago, akirudi anafungua palepale alipoachia na hakuna anayemwita mtoro. Mwanachuo wenu amekulia kwenye chuo kama changu, kisha anakwenda kusomea ualimu na anaambiwa kufundisha watoto wa viwango tofauti ni jambo jipya limetoka Ulaya.

#26 Kibunzi
Ustadhi, hii nimeipenda khasa. Ila tuseme na upande wa pili: vyuo vingi bakora ilifanya kazi nyingi kuliko mwalimu, na mtoto mwenye ulemavu wa akili aliachwa pembeni afukuze kuku. Mimi nilikuwa na binamu.

#27 Ustadhi wa Bumbwini
Ni kweli na tunamuomba Mungu msamaha. Bakora kwangu haipo tangu nimeona mtoto anajikojolea kwa kunisikia nakohoa.

#28 Redio Chini ya Mwembe
Kuna mwenye kukumbuka Tucheze Tujifunze? Ile ya redio, ilianza 2006. Nilikuwa mwezeshaji. Mie sikusoma ualimu, kijiji kilinichagua. Redio inazungumza, inanyamaza ili watoto wajibu, inanambia "mwezeshaji, sasa waweke wawili wawili." Nilijifunza kufundisha huku nafundisha, na watoto wamenizunguka. Walimu wa skuli za madrasa za maandalizi nao tangu 1990 walilelewa karibu na hivyo: mafunzo kidogo, darasani, mlezi anakuja kukutazama, mafunzo tena. Nadhani kosa la vyuo vya ualimu ni mpangilio. Nadharia miaka, watoto wiki chache mwishoni.

#29 Bado Mpya
#28 umenena. Na sasa hivi nilipo tunajaribu kitu kinachofanana, tumekipata kwenye kituo cha walimu. Asili yake Japani, na Zambia wanakitumia tangu 2005. Walimu wanne tunapanga somo moja pamoja. Mmoja anafundisha, watatu wanakaa na kuangalia. Sharti ni moja: humwangalii mwalimu, unawaangalia watoto. Kila mmoja anapewa watoto watatu, anaandika walichofanya dakika kwa dakika. Mara ya kwanza nilipewa mvulana ambaye sote tulimwita mvivu. Nikaona ananyoa penseli kila anapotakiwa kusoma kwa sauti. Alinyoa mara sita. Hajui kusoma, penseli ndiyo pahala pake pa kujificha.

#30 Mkwezi wa Chwale
Na wakati nyinyi wanne mko darasa moja, madarasa yenu matatu mengine nani anayashika?

#31 Bado Mpya
Tunafanya mkondo wa asubuhi ukitoka na wa jioni haujaingia. Ndiyo, ni tabu. Mara mbili kwa muhula tu.

#32 Tanga Raha
Nimesoma pia kuhusu ule mpango wa shirika la Kimarekani la CAST, Massachusetts, wa kupanga somo tangu mwanzo liwe na njia nyingi: njia nyingi za kuwasilisha, za mtoto kujieleza, za kumvutia. Wazo la nyuma yake ni la majengo. Ukijenga mteremko pembeni ya ngazi kwa ajili ya kiti cha magurudumu, atapita mwenye kiti, mjamzito, na anayesukuma gari la maji. Hungoji mlemavu aje ndipo uvunje ngazi. Kwa wanachuo naona hili lina faida kuliko ile orodha ya aina za ulemavu tuliyokaririshwa.

#33 Mikono Yangu
Mteremko ni mzuri. Lugha si mteremko.

#34 Chaki Nyeupe
Nimesoma zote, ahsanteni. Nimekuja na habari.

Karatasi ya E ya #14 tumeichora wenyewe, mimi na kijana wangu, tukapima mita 6 kwa kamba barazani. Siku mbili, watoto 74. Wa kwanza kufeli ni binti wa deski la nne, tulimtarajia. Wengine watano hatukuwatarajia. Wanne kati yao niliwasomesha mwenyewe mwaka jana, mwaka mzima, na sikuona. Usiku ule sikulala vizuri.

Kijana nimempa kazi nyingine: achague mtoto mmoja, amfuate mpaka mazoezi yaishe. Aandike anakaa wapi, anacheza na nani, anakuja na nini tumboni, aende mpaka kwao akamuulize mama yake kama alivyoulizwa Mama wa Watatu. Kamchagua binti. Jana kanletea ukurasa wa kwanza. Kumbe nyumbani ndiye anayetumwa kuchambua mchele, kwa sababu huinamia ungo mpaka pua inagusa, na bibi yake humsifu kuwa hapitwi na jiwe.

Chaki nyekundu tumeiweka kando. Binti tumemleta deski la kwanza upande wa mlango. Hospitali tumepeleka majina sita, tunasubiri siku. Lililobaki ni jua: hata deski la kwanza, mpaka saa nne ubao ule una upande hausomeki.

#35 Mkufunzi wa Zamani
Ukurasa huo wa bibi na ungo ungekuwa mtihani wa chuo, mimi ningempa alama zote. Sijui kama wenzangu walio kazini wangekubali, maana huwezi kuusahihisha kwa mwongozo mmoja kwa wanachuo 300.

#36 Kibunzi
Hapo tumerudi kwenye idadi. Mkwezi atafurahi.

#37 Mkwezi wa Chwale
Sifurahi. Bado nasema 87 ni wengi na nitasema mpaka wajenge. Bi Mwalimu, dirisha hilo la mashariki upana wake kiasi gani? Lipime na urefu. Ijumaa nakuja Konde, nina majamvi mawili mapya ya ukili, naweza kulitia moja vijiti juu na chini likunjike.

#38 Chaki Nyeupe
Ahsante sana. Kijana kalipima sasa hivi kwa ile kamba ya mita 6: upana mita moja na robo, urefu mita moja. Liwe la kukunjika kweli, mkondo wa jioni wanahitaji mwanga wake.